Kutoka kidato cha sita hadi joho: mwongozo wa kuingia chuo kikuu Tanzania na kutoka salama

Wanaokwama chuo kikuu nchini Tanzania si wote waliopungukiwa akili. Wengi huangukia pale ofisi moja inapomkabidhi mwanafunzi kwa ofisi nyingine: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa, namba ya kuthibitisha udahili imetumwa kwenye laini iliyokwisha kufungiwa, bumu, yaani pesa ya kujikimu itokanayo na mkopo, limeisha wiki ya tano, testi ya kwanza imefanyika kabla hajaujua ukumbi. Kila pengo la namna hiyo lina karatasi yake na tarehe yake. Tunayafuata hapa kwa mtiririko wa kalenda, na mzazi au mlezi naye asome, kwa sababu sehemu ya kwanza mara nyingi humwangukia yeye.

Karatasi, kabla matokeo hayajatoka

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Katikati hapo wahitimu wengi wapo kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, simu hakuna au ipo kwa saa chache. Na dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida hufunguliwa katika miezi hiyo hiyo na kufungwa karibu na mwisho wa Agosti. Kwa hiyo karatasi zikusanywe kabla ya kupanda basi la kwenda kambini, na mtu mmoja wa nyumbani aachiwe bahasha yenye nakala zote.

Anza na majina. Cheti cha kidato cha nne, cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA vinatakiwa viseme jina moja, kwa herufi zile zile. Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamisi kwenye cheti cha NECTA, baraza la mitihani, kwa kompyuta, ni watu wawili. Jina lililokwisha ingia kwenye matokeo ya NECTA ni gumu kulibadilisha, hivyo watu wengi hurekebisha upande wa pili: cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Kazi hii huchukua wiki, si siku. Anayeigundua tofauti Agosti tarehe 20 amechelewa.

Kisha uhakiki. Bodi ya Mikopo haikubali nakala ya cheti cha kuzaliwa tu. Inataka cheti kilichohakikiwa na RITA kwa Tanzania Bara au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe pia cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, na hapo ndipo yatima wengi hupoteza sifa yao: mzazi alifariki miaka kumi iliyopita kijijini, akazikwa, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, ajaze fomu inayothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili awe na uthibitisho wa mfadhili huyo, kwa sababu pasipo karatasi hiyo, ada kubwa ya shule binafsi itasomeka kama uwezo wa familia.

La mwisho hapa linaonekana dogo. Fungua barua pepe yako mwenyewe na tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Maombi mengi hujazwa steshenari, na kijana wa steshenari, kwa kutaka kumaliza foleni, huweka barua pepe na namba yake ya simu. Miezi miwili baadaye ujumbe wa chuo unaingia kwenye simu ya mtu ambaye hakukumbuki hata sura. Nywila iandike kwenye daftari, usiiache kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Division si pointi za udahili

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Division huhesabiwa kwa kupanda: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, kwa masomo matatu ya tahasusi. Udahili wa chuo kikuu huhesabiwa kwa kushuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sharti la chini la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni ufaulu wa prinsipo mbili, yaani A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili yanayobeba kozi husika.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana D, E, E. Division yake ni 4+5+5, yaani III ya pointi 14. Kwa udahili, masomo yake mawili bora yanampa 2+1, yaani 3. Hafiki. Wa pili ana C, E, F: 3+5+7, III ya 15, matokeo ambayo kwenye sherehe ya mtaani yangeonekana mabaya zaidi. Lakini 3+1 ni 4, na iwapo masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi, mlango uko wazi kwake. Kwa hiyo usimwambie mtoto "una three, utapata chuo" wala "three ya 15 haiwezekani" kabla ya kupiga hesabu ya pili. Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani tofauti ya madaraja, nao wasome sehemu yao kwenye mwongozo.

Mwongozo huo, kitabu cha TCU kinachotolewa kila mwaka kwenye tovuti yake, ndiyo nyaraka ya kwanza kupakuliwa. Kuna wa wahitimu wa kidato cha sita na wa wenye stashahada. Kwa kila kozi unaonyesha masharti, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Soma hadi mwisho wa sentensi. Kozi nyingi za biashara na uchumi humkubali mtu asiyesoma hesabu za juu, ila humdai ufaulu wa BAM (hesabu nyepesi za kidato cha tano na sita) au wa hisabati kidato cha nne, na wapo wanaolitambua sharti hilo baada ya kulipa ada ya maombi.

Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 mfumo wa pamoja wa maombi uliachwa, na sasa unaomba moja kwa moja kwenye chuo. Ada ya maombi kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa chuo. Omba vyuo vitatu, si kimoja na si saba. Kimoja kiwe cha ndoto, cha pili kiwe ambacho alama zako ziko juu kidogo ya kiwango cha chini, cha tatu kiwe ambacho una hakika nacho. Kiwango cha chini kinakuruhusu kushindana tu. Kozi ya sheria au udaktari yenye nafasi chache huchukua walio juu kabisa ya kiwango hicho, na mwenye pointi 4 aliyejaza kozi hizo peke yake hulala bila chuo hadi awamu inayofuata, wakati nafasi nzuri zimekwisha.

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa simu na barua pepe. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha ni ya kweli. Anayesubiri kuona mkopo kwanza ndipo athibitishe ameugeuza mpango: mkopo hufuata chuo ulichothibitisha.

Asiyefikisha pointi 4.0 ana njia tatu. Ya kwanza ni stashahada: ukimaliza ngazi ya 6 kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, ukiwa na angalau ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, unaomba shahada. Hapo utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na bila hiyo mfumo wa chuo hautakupokea hata uwe na cheti mkononi. Ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo nayo hudai GPA ya 3.0 mwishoni. Kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi ni njia ya tatu, nzuri kwa aliyekosa somo moja tu.

Mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Maombi yanajazwa kwenye mfumo wa OLAMS kwa ada ya shilingi 30,000 inayolipwa kwa namba ya malipo. Jaza kwa kutumia namba ile ile ya mtihani ya kidato cha nne uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani na kuombea mkopo kwa namba moja na chuo kwa namba nyingine hatapatikana wakati orodha mbili zinapolinganishwa. Ni kosa la kipuuzi, na linajirudia.

Fomu ikishajazwa inachapishwa na kusainiwa: mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Kurasa zilizosainiwa zinarudishwa kwenye mfumo. Kabla ya kubofya kitufe cha kuwasilisha, kagua mambo manne: mhuri wa mtaa unasomeka, mdhamini ameweka saini na picha, wakili ameweka mhuri na tarehe, na picha ya ukurasa haikukatwa pembeni. Halafu uwasilishe kweli. Wapo wanaolipa, wanapandisha kila kitu, na kufunga kompyuta bila hatua ya mwisho. Dirisha likifungwa bodi huwa inatoa muda mfupi wa kurekebisha kasoro, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako kila wiki hadi Oktoba.

Mgawo unategemea uhitaji wa mwombaji, kozi na bajeti. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo, na si lazima upate vyote kwa asilimia mia. Ukipewa kidogo kuliko hali yako, kuna dirisha la rufaa. Rufaa inayofaa huleta karatasi mpya: cheti cha kifo ambacho hakikuwapo, uthibitisho wa ulemavu, namba ya TASAF. Barua ndefu ya huzuni bila kiambatisho haina pa kushikwa. Wenye ufaulu wa juu sana katika tahasusi za sayansi wana pia Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23.

Wiki sita za mwanzo

Hata aliyepata mkopo wote aende na pesa ya wiki sita mfukoni. Bumu la kwanza hulipwa baada ya kusajiliwa, kusaini na kuhakikiwa taarifa za benki, na tarakimu moja ya akaunti ikikosewa unasubiri. Wiki hizo ndizo za kulipia chumba, godoro, bima ya afya na michango ya chuo. Nyumbani kukiwa na mbuzi wa kuuza, auzwe Septemba, asisubiri simu ya kilio Novemba.

Kiwango cha juu cha chakula na malazi kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, na malipo huja kwa awamu ya siku kama 60, yaani karibu 600,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki tatu anaona laki sita, ananunua simu, anatuma laki nyumbani, anabeti. Dawa yake ni ya kizamani: siku ile ile pesa ilipoingia, toa kodi ya geto (chumba cha kupanga), kiasi kinachobaki kigawe kwa wiki tisa, na toa fungu la wiki moja tu kila Jumatatu. Mwenye kodi ya 80,000 kwa mwezi atabakiwa na 440,000, sawa na karibu 49,000 kwa wiki. Hiyo inatosha kula mara mbili kwa siku kama mnapika wawili au watatu kwa sufuria moja. Haitoshi chipsi kila jioni. Na mikopo ya mitandaoni, kausha damu, isiguswe hata kwa wiki moja. Riba yake inakula bumu linalofuata kabla halijafika.

Usajili nao una mwisho wake. Ambaye hajasajiliwa hatambuliwi, na koswe aliyofanya, yaani kazi na testi za muhula, inaweza isiingizwe. Kama ada haijatimia, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema ukaombe kulipa kwa awamu. Ofisi hiyo ipo kwa kazi hiyo. Mwenye ulemavu wa kuona, kusikia au viungo ajitambulishe kwenye kitengo husika wiki ya kwanza, kwa sababu muda wa ziada wa mtihani na maandishi ya nukta nundu huandaliwa, hayaombwi mlangoni siku ya mtihani.

Koswe, hesabu ya GPA, na saa 40

Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Piga hesabu: saa 1,200 kwa mwaka, na mwaka una wiki 30 hivi za kufundishwa. Unapata saa 40 kwa wiki. Ratiba yako ikionyesha vipindi vya saa 18, saa 22 zilizobaki si mapumziko. Ni kazi yako ambayo hakuna mtu atakayekuitia kengele. Shuleni kulikuwa na prepu na mwalimu wa zamu. Chuoni pengo hilo la saa 22 ndilo linalowatenganisha watu ifikapo Februari.

Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa koswe na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kwa mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ni 70 na kuendelea, B+ 60 hadi 69, B 50 hadi 59, C 40 hadi 49, na chini ya hapo umeshindwa somo. Vyuo vya tiba vina mizani mikali zaidi. Mwenye koswe ya 28 kati ya 40 anaingia mtihani akihitaji 12 tu kati ya 60 ili afaulu, na 42 ili apate A. Mwenye 15 anahitaji 25 ili afaulu, na 55 kati ya 60 kwa A, kitu ambacho ni nadra sana kutokea. Kwa maneno mengine A huamuliwa wiki ya tano hadi ya kumi, wakati wengi wanasema bado mapema.

GPA hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo (A 5, B+ 4, B 3, C 2) kwa krediti zake, kisha kugawa kwa jumla ya krediti. Tuseme una masomo manne ya krediti 12 yenye A, B+, B na C, na moja la krediti 8 lenye B+. Jumla ni 60+48+36+24+32, sawa na 200. Gawa kwa 56, unapata 3.57. Vyuo vingi hukata tarakimu baada ya desimali moja bila kukadiria juu, kwa hiyo ni 3.5, daraja la pili la juu. Sasa ile A ingekuwa B+ kwa alama moja tu, 69 badala ya 70: jumla 188, GPA 3.35, inasomeka 3.3, daraja la pili la chini. Ndiyo maana somo lenye krediti nyingi hupewa usiku mrefu zaidi kuliko somo unalolipenda.

Yanayoharibu koswe yanajulikana. Kazi ya kikundi cha watu kumi inayofanywa na wawili, halafu jina lako likasahaulika: chapisha orodha na uisome kabla haijapelekwa. Kazi iliyonakiliwa kutoka intaneti, ambayo programu ya chuo huikamata. Testi uliyokosa ukiwa mgonjwa bila karatasi ya hospitali. Na alama isiyoingizwa kwenye mfumo: angalia koswe yako ikibandikwa, na kama ina kasoro andika barua kwa mhadhiri kabla ya mtihani, ukiwa na karatasi iliyosahihishwa mkononi. Karatasi hizo usizifungie maandazi.

Madesa, yaani nukuu zinazozungushwa na wanafunzi, yana nafasi yake, lakini yanakuonyesha alichosema mhadhiri, hayakupi mazoezi ya kujibu. Kuanzia wiki ya tatu tafuta mitihani iliyopita ya somo hilo, chagua swali moja kwa wiki, lijibu kwa kalamu ndani ya dakika 40, kisha mpe mwenzako asahihishe.

Hapo lugha inaingia, na inastahili kusemwa bila aibu. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akakariri nukuu za Kiingereza, anafika chuoni akielewa hoja kuliko anavyoweza kuiandika. Diskasheni ya watu wanne au watano ifanyike kwa Kiswahili hadi kila mmoja aelewe, halafu dakika 20 za mwisho kila mtu aandike aya moja kwa Kiingereza kuhusu kilichojadiliwa, msomeane. Diskasheni inayoishia kwenye Kiswahili huleta kilio kwenye chumba cha mtihani: "nilikuwa nalijua lile swali". Weka pia daftari dogo la istilahi za kozi yako, maneno kama kumi kwa wiki, kila moja na sentensi yake.

Mambo yakienda kombo

Sapu, yaani kurudia mtihani wa somo uliloshindwa, si aibu, ila ina gharama: kwa kawaida daraja la juu unaloweza kupata ni C, hata ujibu vizuri namna gani. Kukeri somo kunalisukuma mwaka unaofuata, juu ya krediti za mwaka huo. GPA ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni za chuo, unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Tafuta kanuni hizo mwezi wa kwanza na usome ukurasa wa sapu na kudisko. Usitegemee habari za wanafunzi wa mwaka wa pili wanaobishana kwenye korido.

Ukiugua sana, ukifiwa au ukiwa mjamzito, omba kuahirisha masomo kwa maandishi kabla ya mitihani, na taarifu bodi ya mikopo. Aliyeahirisha hupata nafasi ya kurudi. Aliyeondoka kimya husomeka kama mtoro, na kuahirisha hakuwezi kufuta mtihani ambao umekwisha ufanya na kushindwa.

Mhadhiri au mtumishi akidai ngono ili akupe alama, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi ujumbe wote bila kufuta, usiende peke yako anapokuitia, na piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113 bila malipo. Dawati la jinsia la chuo nalo lipo, lakini kama mtuhumiwa ni mkubwa hapo chuoni, anzia nje.

Mafunzo kwa vitendo hulipiwa hadi siku 56, yaani wiki nane. Barua za kuomba nafasi zitoke Februari au Machi. Ofisi nzuri hujaa kabla ya Pasaka.

Aliyedisko anaweza kuomba upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ingawa bodi humtaka kwanza arejeshe sehemu ya mkopo wa awali kabla ya kufikiriwa tena. Kwa aliyehitimu, urejeshaji huanza baada ya miezi 24, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Ukipata kazi kabla ya miezi hiyo kuisha, mpe mwajiri namba yako ya kidato cha nne, na kila baada ya miezi kadhaa ingia kwenye akaunti yako ya bodi ulinganishe makato na hati ya mshahara, maana makato yaliyokosewa namba huingia kwenye deni la mtu mwingine.